Friji bure, lipa nauli tu: twende pamoja hatua kwa hatua kabla hujatuma pesa

Assalam aleikum, hamjambo nyote mnaonitizama, watu wa Lamu mjini, Mokowe, Faza, Kizingitini, na ndugu zetu wa Malindi pia nawaona kwa komenti karibuni. Leo tunaongea haya matangazo ya vitu vya bure, friji bure, simu bure, sofa seti nzima bure, mwenyewe anahama nchi ama duka linafunga, halafu chini kabisa kuna kamstari kanasema lipia usafiri pekee. Shika simu yako, nikibonyeza hapa nawe bonyeza kwako.

Kabla hatujaanza nataka niseme kitu manake kinaniuma. Mimi nafanya kazi kwa duka la M-Pesa, wanaokuja kutuma hizi pesa nawaona kwa macho, na si watu wa tamaa kama mnavyosema huko kwa magrupu. Sisi huku kisiwani tumezoea kulipia mzigo, kitu kikitoka Mombasa unalipia basi, kikifika Mokowe upande wa bara unalipa boti, kikifika gatini hapa unalipa hamali ama mwenye punda, yaani nauli ya mzigo kwetu ni kitu cha kawaida kama chumvi. Kwa hivyo mtu akikwambia friji ni bure ila usafiri elfu mbili mia tano, akili haishtuki, unaona ni haki yake. Tapeli naye ndio hapo anapokupatia. Yeye hana friji ya kutoa wala ya kuuza, biashara yake ni hiyo nauli, na watu mia wakimtumia elfu mbili mbili hesabu unaijua.

Haya, hatua ya kwanza. Usikomenti, usimwandikie inbox bado, fungua kwanza hiyo peji yenyewe. Tuko Facebook hapa, bonyeza jina la peji, ingia pale kwa maelezo yake, shuka chini mpaka uone sehemu ya uwazi wa peji, bonyeza. Umeona? Hapa inakuonyesha peji ilifunguliwa lini, imewahi kubadilisha jina mara ngapi na wanaoiendesha wako nchi gani, kama hiyo ya nchi wameiweka. Sasa mtu anajiita supamaketi kubwa ya miaka mingi lakini peji imefunguliwa mwezi huu, ama mwanzo ilikuwa peji ya mpira ikageuka kuwa duka la friji, hapo huhitaji kwenda hatua ya pili, toka. Na msidanganyike na ile tiki ya buluu, tangu 2023 Meta, wenye Facebook, wanaiuza kwa malipo ya kila mwezi, tiki peke yake si ushahidi wa uaminifu.

Kama si peji ni mtu binafsi ameposti kwa grupu la kuuza na kununua, ingia kwa profaili yake. Akaunti mpya, picha moja, marafiki hawaonekani, na komenti amezifunga. Ama komenti ziko wazi lakini zote ni "asante nimepokea yangu leo" "Mungu akubariki dada", bonyeza hao wanaoshukuru mmoja mmoja uone, wengi utakuta akaunti tupu hazina hata rafiki, ni yeye mwenyewe anajishukuru.

Hatua ya pili ni picha. Piga skrinshoti ya hiyo friji, fungua programu ya Google, bonyeza kale kaalama ka kamera, chagua ile picha, subiri. Google itakutafutia kila mahali hiyo picha imetokea, na mara nyingi utaikuta kwa tangazo la nchi nyingine kabisa, mwaka mwingine, mwenyewe mwingine. Isipotokea popote bado itizame vizuri kwa jicho lako. Tizama ukutani kwa soketi. Kenya tunatumia plagi ya pini tatu za bapa, sasa ukiona soketi ya matundu mawili ya mviringo jiulize huyu anayesema anahama Nyali, Mombasa, mbona nyumba yake ina umeme wa kigeni. Hiki kitu kidogo kinawashika wengi sana.

Sasa hatua ya tatu, na hapa nitakaa kidogo manake ndio penyewe. Sasa mwandikie. Usimuulize bei, usimuulize rangi. Mwambie hivi, "nina jamaa yangu Mombasa, nipe mahali aje aichukue mwenyewe". Basi. Mtu anayetoa kitu kweli atafurahi, umemwondolea kazi ya kusafirisha. Tapeli utaanza kusikia sababu, eti ameshasafiri yuko Canada, eti vitu viko stoo ya kampuni ya mizigo na kampuni hairuhusu watu kuingia, eti ni sera. Mjibu "sawa, basi nitalipa nauli nikipokea hapa". Ataanza kukuharakisha, kuna watu wengine kumi wanaingoja, lori linaondoka saa nane, tuma saa hii nikuwekee nafasi. Hiyo haraka ndiyo dalili yake kubwa, anajua ukilala ukaamka na kumuuliza mtu utastuka.

Na sisi wa Lamu tuna swali letu, muulize mzigo utashushwa wapi. Wapo wanaojibu bila aibu "tutakuletea na lori mpaka mlangoni kwako", mlangoni Langoni, mlangoni Mkomani, kwenye vichochoro ambavyo punda wawili wakikutana mmoja lazima asubiri! Huyo hajawahi kufika hapa na hajui kuna bahari katikati. Lakini tafadhali usitegemee swali hili pekee, wajanja zaidi wameshajifunza, watakutajia Mokowe, watakutajia boti, wengine watakutajia hata bei ya boti. Kinachomtoa tapeli ni pale unapokataa kutanguliza pesa, hapo hana jibu.

Mzigo wa kweli unajulikana. Ukipelekwa ofisi ya vifurushi ya basi unaandikwa, unapewa risiti yenye namba, na mtumaji anaweza kukutumia picha ya hiyo risiti kwa WhatsApp. Ukishapata picha usipige ile namba aliyokupa yeye, manake risiti nayo inatengenezwa kwa simu dakika tano, tafuta namba ya ofisi mwenyewe ama nenda kwa ajenti wao hapa mjini, waulize kama namba hiyo iko kwao na kama nauli mpokeaji anaweza kuilipia hukuhuku. Umetembea mpaka ofisini umerudi, hujapoteza kitu.

Tuseme sasa umetuma ile ya kwanza. Hapa ndio watu wanapomalizwa kabisa, manake ile elfu mbili ilikuwa ya kufungulia mlango tu. Baada ya saa mbili tatu anakupigia "dereva", sauti nyingine, gari limezuiliwa njiani Garsen, mzigo hauna bima, lipa elfu moja mia tano, hiyo utarudishiwa ukipokea. Ukilipa kuna ya kibali, ukilipa kibali kuna ya forodha Mombasa, na kila mara wewe unapiga hesabu kwamba nimeshatoa elfu nne, friji ni ya elfu arobaini, nikiachia sasa nimepoteza zote. Pesa iliyokwisha kwenda ndiyo inakuvuta utume nyingine. Ukisikia ada ya pili, simama palepale.

Na msidhani ni sisi tu wa huku ndio tunafanyiwa hivi. Mwaka 2024 kampuni ya usalama wa mitandao inaitwa Proofpoint ilieleza mchezo huuhuu Amerika Kaskazini, barua pepe wanatumiwa wanafunzi na walimu wa vyuo vikuu, kuna piano ya bure, mara nyingi sababu ni kwamba kuna mtu kwenye familia amefariki, wewe wasiliana na kampuni ya usafiri tu, na hiyo kampuni ya usafiri ni tapeli yuleyule kwa jina jingine. Akaunti moja ya Bitcoin waliyokuwa wakilipiwa ilikuwa imepitisha zaidi ya dola 900,000. Wasomi hao wa chuo kikuu! Kwa hivyo mama yako akiingia mtegoni usimwite mjinga.

Hatua ya nne, simu iko mkononi na namba ya kulipia umepewa. Tizama jina. M-Pesa inakuonyesha jina la unayemtumia, lisome, ni kampuni ama ni mtu? Peji inasema ni kampuni ya usafirishaji lakini jina ni la mtu binafsi, ukimuuliza anasema ni la mhasibu, la dereva, la shemeji. Katiza. Na kama ni linki ya kulipa kwa kadi, eti shilingi 99 tu za usafirishaji, usijaze. Hiyo 99 hawana haja nayo, wanataka namba za kadi yako waendelee kukata. Hivyo hivyo zile meseji zinazojifanya zimetoka posta, kifurushi chako kimekwama kwa sababu anwani si sahihi bonyeza hapa ulipe, kama unangoja kitu kweli tembea mpaka posta na kitambulisho chako uulize.

Hatua ya tano ni ya wale wameshatuma, na hapa tunakimbizana na muda. Chukua ile meseji ya M-Pesa iliyothibitisha umetuma, yenyewe nzima usiikate, iforwadi kwenda 456, hiyo ni ya kuomba pesa irudishwe. Ikiwa hajaitoa kuna uwezekano wa kuizuia, akishaitoa inakuwa ngumu mno. Kwa hivyo sikiliza vizuri hapa, usimpigie kumtukana! Najua una hasira, lakini ukimtukana anajua umegundua na anakimbia kwa ajenti kutoa. Mjibu upole, mwambie unatafuta hiyo ya bima, huku mkono mwingine unashughulika na 456.

Kisha skrinshoti za kila kitu, chati yote, namba zake, peji, tangazo, kabla hujamblok, manake wakishakula wanafuta. Meseji zake za kawaida ziforwadi 333, Safaricom, wenye M-Pesa, wanapokea bure ripoti za utapeli huko. Halafu nenda kituo cha polisi uandikishe, uchukue namba ya OB, yaani ya daftari la matukio, na DCI, idara ya upelelezi wa jinai, wana laini ya bure 0800 722 203. Tuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, huu ni uhalifu kamili kama wizi mwingine, usikubali mtu akwambie ni uzembe wako.

Na angalia, ndani ya siku chache anaweza kutokea mtu kwa komenti ama kwa simu anajua kila kitu kilichokupata, anasema yeye ni wa Safaricom ama ni mtaalamu wa kurudisha pesa, lipa kidogo ya kufungua faili. Ni walewale. Safaricom wakikupigia ni kwa 0722 000 000, na PIN yako hawaiulizi.

La mwisho kabla sijazima kamera, wengi wanaambiwa watume picha ya kitambulisho "kwa ajili ya mzigo". Kama ulituma, piga *106# sasa hivi tukiwa pamoja, itakuonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Zisome moja moja, nasubiri. Ukikuta namba usiyoijua beba kitambulisho chako halisi uende duka la huo mtandao, waambie hii si yangu iondoeni, na usitoke hapo mpaka upige tena *106# uone imetoka.