Kocha wa Vikosi Maalumu Ana Uzito Gani?

MWANAIDI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tuko kwenye mpira wa Kimarekani, ule wa NFL, ligi kuu ya Marekani, na tunazungumzia vikosi maalumu. Kaka Baraka, hebu mfafanulie msikilizaji mgeni.

BARAKA: Kila timu ina kikosi cha kushambulia na cha kulinda. Hiki cha tatu huingia mpira unapopigwa teke: teke la kuanzia, teke la kuusukuma mpira mbali timu ikikwama, na teke la kutafuta pointi 3. Na nitasema mapema, dada Mwanaidi, mimi naona hapo mchezaji ndiye kila kitu. Mwenye mguu anafunga, asiye nao anakosa. Kocha atafanya nini?

MWANAIDI: Twende Green Bay, tarehe 22 Januari 2022. Packers, timu ya mji huo, wamemaliza vinara wa kanda yao, wako kwao Lambeau Field, theluji inaanguka. Wageni ni San Francisco 49ers, na washambuliaji wa 49ers hawakupata tachidauni hata moja, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, usiku ule. Haya, nani alishinda?

BARAKA: 49ers, 13 kwa 10. Naikumbuka vizuri.

MWANAIDI: Sasa tazama walivyoshinda. Kabla ya mapumziko, teke la Packers la pointi 3 linazuiwa. Zimebaki dakika chini ya tano, Packers wanaongoza 10 kwa 3, wanapiga teke la kuusukuma mpira mbali. Jordan Willis wa 49ers anapenya katikati, anaugonga mpira, mwenzake Talanoa Hufanga anauokota na kuingia nao, tachidauni. Sare. Halafu teke la mwisho la Robbie Gould wa 49ers, lile la ushindi: Packers wamesimama uwanjani watu 10.

BARAKA: Badala ya 11.

MWANAIDI: Watu 10, kaka, kwenye mchezo ambao ukishindwa unarudi nyumbani! Huo si mguu wa mtu. Huo ni mpangilio, na mpangilio una mwenyewe.

BARAKA: Wakamfukuza kocha wa vikosi hivyo, wakamleta Rich Bisaccia kutoka timu ya Raiders. Na mwaka huohuo Keisean Nixon wa Packers akaongoza ligi nzima kwa yadi za kurudisha mateke ya kuanzia, yaani kuudaka mpira na kukimbia nao mbele. Lakini Nixon ni mchezaji, si ubao wa kocha.

MWANAIDI: Ni mchezaji ambaye Bisaccia alimfahamu tangu wakiwa Raiders. Na mrudishaji hapiti peke yake, kuna watu mbele wanaomfungulia njia.

BARAKA: Sawa. Ila Januari 2024, Bisaccia yupo palepale, wapinzani ni 49ers walewale. Packers wanaongoza 21 kwa 17, mpigaji wao Anders Carlson anakosa teke la yadi 41, na wanafungwa 24 kwa 21. Hapo kocha angefanyaje?

MWANAIDI: Hapo nakubali, teke ni la mpigaji. Ndiyo maana nasema kocha wa vikosi maalumu tusimpime kwa umbali wa teke. Tumpime kwa maafa yasiyotokea. Pale kwenye teke la kuusukuma mpira mbali, yupo mtu anayesimama mbele ya mpigaji, anahesabu wanaokuja, anapaza sauti kuwaambia wenzake nani amzuie nani. Akikosea kuhesabu, mtu mmoja anabaki huru. Na wale wanaokimbia kumkaba mrudishaji, kila mmoja ana njia yake. Mmoja akiiacha kwa tamaa ya kumkamata, hapohapo pametoboka.

BARAKA: San Diego Chargers, 2010.

MWANAIDI: Ehee! Wa kwanza katika ligi kwa yadi za kushambulia, wa kwanza kwa kuwanyima wapinzani yadi, na mtoano hawakuuona. Kule Seattle, Leon Washington wa Seahawks aliwarudishia mateke mawili ya kuanzia kwa tachidauni, moja yadi 101, jingine 99. Chargers wakafungwa 27 kwa 20.

BARAKA: Nami nakupa Daniel Adongo. Mkenya, mcheza raga, Indianapolis Colts wanamsajili 2013 hajawahi kucheza mchezo huu. Desemba mwaka huo wanamwingiza kwenye vikosi maalumu. Mbio na nguvu alikuja nazo.

MWANAIDI: Na njia ya kukimbilia alifundishwa na nani? Vikosi hivi vimejaa watu wa akiba na wageni. Beki wa kwanza akiumia, wa akiba anapandishwa, na kocha wa vikosi maalumu anapoteza mtu wake katikati ya wiki, anaanza upya na mwingine. Muda wa mazoezi wenyewe anapewa kidogo. Kwa hiyo lawama nyingine ni ya kocha mkuu.

BARAKA: Hapo umenigusa. Kocha mkuu akimnyima muda na wachezaji, hata awe fundi namna gani.

MWANAIDI: Na tangu 2024 kazi imeongezeka. Kwenye teke la kuanzia, wakabaji 10 hawaruhusiwi kuondoka mpaka mpira uguse ardhi au mchezaji kule unakopokelewa. Pande mbili zimesimama karibu karibu, mbio za mbali hazipo tena. Kilichobaki ni pembe, mikono na nani anamkaba nani.

BARAKA: Basi msimu huu mimi nitawahesabu watu uwanjani kabla ya kila teke.

MWANAIDI: Anza na Packers, kaka.