Kuinua Pikapu kwa Milimita 25 ili Ipokee Matairi Makubwa

Ndugu watazamaji, karibuni. Gari mnaloliona mbele yenu ni Isuzu D-Max ya kizazi cha kwanza, ile iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002, yenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne. Leo tutaliinua kidogo ili lipokee matairi ya 265/70R16, yaani yenye upana wa milimita 265, mahali pa yale ya 245/70R16 lililokuja nayo. Mbele halina springi za mviringo, bali lina fito mbili ndefu za chuma zinazosokotwa, yaani toshenibaa, na nyuma lina springi za mabamba. Mwenye gari lenye springi za mviringo mbele asifuate hatua hizi, kwa sababu kazi yake ni nyingine kabisa.

Kabla hatujashika spana, tufanye hesabu. Tairi la 245/70R16 lina kipenyo cha takriban milimita 749, na la 265/70R16 lina takriban milimita 777. Tofauti ni milimita 28, lakini nusu yake tu, yaani milimita 14, ndiyo inayoongezeka chini ya ekseli. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu wenye magari wengi huniambia wanataka kuinua springi ili difu ya nyuma, yaani sanduku la gia lililo katikati ya ekseli, isikwaruze udongo katikati ya mifereji iliyochimbwa na malori, kama ile ya barabara za Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, wakati wa mvua. Difu ya nyuma imo ndani ya ekseli, na ekseli inakaa juu ya magurudumu. Kwa hiyo tairi ndilo linaloipandisha, ilhali springi hupandisha bodi na chasisi peke yake. Sisi tunainua bodi ili tairi lipate nafasi ya kuzunguka, na kwa kazi hiyo milimita 25 zinatosha.

Egesha gari mahali tambarare penye sakafu ngumu, likiwa tupu, na upepo wa matairi ukiwa sawa. Pima kutoka katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, hadi ukingo wa madigadi, katika magurudumu yote manne, kisha andika vipimo hivyo. Tunapima kutoka kwenye habu, wala si kutoka ardhini, ili kipimo kisibadilike tutakapobadilisha matairi. Ukikuta upande wa dereva uko chini kuliko wa abiria, usishangae, maana springi zilizobeba matoke kwa miaka mingi hazichoki kwa usawa.

Sasa tuanze mbele. Weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma, inua chasisi kwa jeki mpaka magurudumu ya mbele yaning'inie, kisha ulaze gari juu ya stendi imara. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kama kazi ni ya dakika moja. Fuata kila toshenibaa kuelekea nyuma mpaka inapoishia kwenye mhimili unaopita chini ya kabini. Hapo utaona boliti ya kurekebishia. Safisha nyuzi zake kwa brashi ya waya, zipake mafuta ya kulegeza kutu, na uziache zinywe. Gari likiwa limening'inia, fito hazibebi uzito wote na boliti huzunguka bila kuumia. Ukiilazimisha gari likiwa limesimama chini, nyuzi zinaweza kuliwa.

Weka alama ya rangi kwenye kila boliti, kisha ikaze mizunguko miwili, upande huu na upande ule. Shusha gari, lisukume mbele na nyuma mita chache, bonyeza bampa mara kadhaa ili viungo vikae mahali pake, ndipo upime tena. Usipofanya hivyo, kipimo kitakudanganya, kwa kuwa magurudumu yaliyoshushwa kutoka kwenye jeki hukanyaga yakiwa yamejivuta kwa ndani. Endelea hivyo kidogo kidogo mpaka ufikie milimita 25, na pande zote mbili zilingane.

Baada ya hapo tazama amu ya juu, yaani mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa juu, na mpira wake wa kikomo unaouzuia usishuke kupita kiasi. Kukaza toshenibaa hakuongezi urefu wa safari ya gurudumu, yaani umbali linaoweza kupanda na kushuka. Kunachukua sehemu ya safari ya kushuka na kuifanya ya kupanda. Ikiwa amu imekaribia kugusa mpira wa kikomo, gari litagonga kila linapoteremka tuta, na boljointi, yaani viungo vya duara vya amu, pamoja na viungo vya shafti za mbele vitafanya kazi kwa pembe kali. Nafasi isiyoweza kupitisha kidole ni ishara kwamba umepita kiasi, hata kama kipimo chako bado hakijafika 25. Hapo rudisha boliti nyuma.

Nyuma tutaongeza bamba moja katika kila springi. Bamba hilo, pamoja na yu-bolti mpya (boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) na boliti ndefu zaidi ya katikati, utavipata kwa wauzaji wa vipuri wa Kisekka mjini Kampala. Beba bamba la zamani, au vipimo vyake vya upana na urefu, badala ya kutaja jina la gari tu. Weka stendi chini ya chasisi, shikilia ekseli kwa jeki, fungua shokapu upande wa chini, kisha fungua yu-bolti. Bana mabamba kwa klempu kabla ya kutoa boliti ya katikati, kwa sababu yana nguvu ya kutosha kuvunja vidole. Ingiza bamba jipya mahali panapolingana na urefu wake, rudisha kila kitu, na ukaze yu-bolti kwa kukingamanisha. Usirudishie zile za zamani, kwani zilikwisha kuvutika. Hakikisha pia kwamba mipira ya breki haijakazika ekseli inaponing'inia.

Kuna magari yenye vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo, ambayo hugawa nguvu ya breki kulingana na mzigo. Ukiinua nyuma, vali hiyo hudhani gari ni tupu siku zote na kuzipunguzia breki za nyuma nguvu. Fimbo yake lazima irekebishwe, na mafundi wengi huisahau.

Sasa funga matairi. Zungusha usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, ukitazama ukingo wa nyuma wa madigadi na chasisi. Kisha rudia jaribio hilo gari likiwa na mzigo, gurudumu moja likiwa juu ya kipande cha gogo, kwa sababu springi ikibanwa mpaka mwisho, tairi hufika palepale lilipokuwa likifika kabla hujainua chochote. Likigusa plastiki kidogo, plastiki inaweza kukatwa. Likigusa chuma, rudi kwenye tairi jembamba zaidi.

Siku hiyohiyo peleka gari kwenye wili alaimenti, yaani kupangwa pembe za magurudumu, la sivyo matairi mapya yataliwa upande mmoja, na urekebishe taa za mbele zisiwapofushe wanaokuja. Spidomita sasa itasoma pungufu kwa karibu asilimia 3.6 ikilinganishwa na ilivyokuwa: mwendo uliokuwa ukionekana kama 83 utaonekana kama 80. Kaza tena yu-bolti na nati za magurudumu baada ya kilomita 500. Tairi la akiba nalo liwe la kipimo kipya, maana kufunga gia ya magurudumu manne huku tairi moja likiwa dogo huzitesa difu, na hakikisha mapema kwamba linaingia kwenye nafasi yake chini ya bodi.