Kushusha Fielder kwa springi fupi, na isipige kelele

Assalam aleikum jamani, karibuni, leo tuko hapa Malindi uani kwetu na hii Toyota Fielder bodi ya 141, tunaitia springi fupi za kuishusha milimita 30 na tutaenda pole pole, manake gari nyingi hapa mjini zimeshushwa zikapendeza lakini zikifika kwa tuta unazisikia kabla hujaziona. Mie nataka hii ilale chini na ikae kimya, vyote viwili.

Kabla hujashika jeki chukua tepu. Usipime kutoka chini kwa mchanga, upepo wa tairi utakudanganya, pima kutoka katikati ya habu mpaka ukingo wa madigadi, tairi zote nne, alafu andika. Yangu mbele ni milimita 375, nyuma 372.

Kutu sasa. Hii kusi inavuma na chumvi yake, na gari ya huku nati za chini zinashikana kama zimechomelewa. Mie tangu jana baada ya isha nshazipiga brashi ya waya na dawa ya kulegeza kutu. Ukikosa subra hapa utakata bolti, na siku yote itaishia kwa hio bolti moja.

Haya, legeza nati za rimu gari ikiwa chini, piga jeki, weka stendi mbili, na rimu uliyotoa isukume chini ya gari. Usiingie chini kwa jeki peke yake, hilo sina mjadala nalo.

Mbele: fungua linki ya stabilaiza, kile kifimbo kinachoshikana na chuma cha kuzuia gari isilalie ubavu kwa kona, toa kile kishikizo cha hosi ya breki na waya ya ABS, alafu bolti mbili kubwa za chini ya shoki. Ziwekee alama ya rangi kabla hujazitoa, itakusaidia kurudisha tairi karibu na pale ilipokuwa. Juu kuna nati tatu, kuna gari utabidi utoe waipa na ile plastiki ya chini ya kioo ndo uzifikie. Lakini tazama hapa, hii nati ya katikati USIIFUNGUE sasa hivi, hii ndo imeizuia springi yote, ukiifungua springi ikiwa haijabanwa itaruka na inaweza kuua mtu.

Ibane kwanza. Kompresa za springi mbili, zile klampu za skrubu za kuibana, moja huku nyengine ng'ambo yake, unakaza huku mizunguko miwili na huku miwili kwa mkono, sio kwa gani ya hewa, na uso wako usikae usawa wa springi. Ikianza kucheza yenyewe kwa kiti chake, hapo ndo unafungua nati ya katikati.

Sasa sogeza kamera hapa karibu. Unaona kiti cha chini kina kama ngazi ndogo? Ncha ya springi inatakiwa ifike pale, ibaki nafasi ya unene wa kucha tu. Ikipanda juu ya ngazi, kila ukikata usukani springi itajisokota iachie, TANG', na watu watakuuzia ball joint mpya, kile kiungo cha chini cha tairi, bure. Raba za viti zirudi zote. Beringi ya juu izungushe kwa vidole, ikikwaruza weka nyengine, ushafika hapa tayari. Ile stopa ya raba kwa fimbo ya shoki ifupishe kama karatasi ya springi imesema hivo, usipofupisha gari itakuwa inakalia stopa badala ya springi na itaruka kama lori tupu.

Nyuma ni rahisi mno, springi imekaa mbali na shoki. Shikilia beam, ule mhimili wa chuma unaounganisha tairi mbili za nyuma, kwa jeki, fungua bolti za chini za shoki, teremsha taratibu huku jicho liko kwa hosi za breki, springi inatoka kwa mkono. Hizi fupi mizunguko yake ya juu imekaribiana sana na itagongana, kwa hivo mie nakata mpira wa maji, naupasua ubavuni navalisha ile mizunguko. Ile kelele ya kwa-kwa-kwa nyuma mara nyingi ni hii tu.

Na hapa ndo nataka munisikize sana. Bolti zinazopita kwa bushi, vile viungo vya raba na chuma, yaani za armi ya chini mbele, za beam na za chini za shoki nyuma, usizikaze gari ikining'inia. Raba ya bushi imegandana na chuma chake, haizunguki, inajisokota tu, kwa hivo ukikaza miguu ikining'inia, gari ikitua raba imeshasokotwa na inabaki hivo usiku na mchana. Gari yangu ya kwanza ilikazwa hivo gerejini, upande mmoja ukakataa kushuka na bushi ikalia kama mlango wa zamani, kuja kuitazama ina mpasuko unaingiza kucha. Legeza hata zile ambazo hukuzigusa, manake zimekazwa kwa kimo cha zamani. Rudisha rimu, shusha gari juu ya mbao nne nene upate nafasi ya kuingia, itikise mara kadhaa ikae, ndo ukaze. Nati za rimu Nm 103 (newton-mita) kwa spana ya toki.

Haya tunatoka nayo. Kata usukani ikiwa imesimama, sikiza. Kugonga kwa vituta vidogo, rudi kwa linki au ile nati ya katikati ya juu. Kishindo kimoja kizito kwa tuta kubwa ni stopa hio, punguza mwendo na upande tuta kwa mshazari.

Leo imesoma mbele 347, nyuma 345, na springi mpya hulala kidogo zaidi. Alaimenti, yaani kunyoosha tairi, fanya mapema, gari ikishuka tairi zinabadilika mwelekeo na zitalika kwa ndani ambako huoni. Ukifika kama kilomita 500 kaza tena kila bolti na upime tena. Mie kesho asubuhi naipeleka alaimenti, alafu nateremka nayo mpaka Watamu vioo vyote vikiwa chini nisikize.