Manowari Wasp na Watu Wawili Waliohamia Humo

Habari za jioni, mabibi na mabwana. Mlio nyuma, mnanisikia? Haya.

Leo nazungumzia manowari ya matanga ya Marekani, Wasp, yaani nyigu. (Hilo neno manowari nalo tumelichukua kwa Waingereza, maadui wa nyigu huyu.) Iliundwa Newburyport, Massachusetts, ikashushwa majini 1813: milingoti mitatu, mizinga 22, watu 173. Kamanda wake alikuwa Johnston Blakeley, mzaliwa wa Ireland aliyelelewa North Carolina.

Iling'oa nanga tarehe 1 Mei 1814, Marekani na Uingereza zikiwa vitani, ikaenda kuvizia meli za Waingereza mlangoni kwao. Ni ushujaa au wazimu, amueni wenyewe. Tarehe 28 Juni ikapambana na Reindeer. Dakika 19 tu! Kamanda wa Reindeer, William Manners, akauawa, na maofisa wake wakalazwa chini mmoja baada ya mwingine, hata wa kusalimisha meli akawa karani. Mtu wa wino na kalamu, jamani.

Wasp ikakarabatiwa Lorient, Ufaransa, kisha Septemba ikaizamisha Avon. Tarehe 21 mwezi huohuo ikateka Atalanta karibu na kisiwa cha Madeira. Blakeley akapunguza watu wake wachache, chini ya kijana David Geisinger, waipeleke Savannah. Walifika salama tarehe 4 Novemba.

Sasa sikilizeni. Tarehe 9 Oktoba, Wasp ilikutana na Adonis, meli ya Sweden. Ndani yake walikuwamo Wamarekani wawili, McKnight na Lyman, wa manowari Essex iliyotekwa na Waingereza huko Valparaíso, Chile, mwezi Machi. Ungekuwa wewe, umeshatekwa na adui, mara unaiona bendera ya kwenu katikati ya bahari, ungebaki? Nao hawakubaki. Wakahamia Wasp, Adonis ikaendelea na safari yake.

Wasp haikuonekana tena.

Mimi nashuku dhoruba, kwa sababu adui aliyeizamisha asingenyamaza, angetaka sifa. Lakini hiyo ni dhana yangu.

Huko nyumbani hawakuwa na habari. Tarehe 24 Novemba Blakeley akapandishwa cheo kuwa kapteni. Januari 1815 mkewe akajifungua binti, Udney Maria, na baadaye jimbo la North Carolina likabeba gharama za masomo yake.

Haya, nani ana swali?