Kupanda Viazi Mviringo kwa Mbegu ya Nyumbani

Kamwene, ndugu watazamaji. Leo tuko shambani kwetu Njombe. Mvua za Novemba zimeshalowesha udongo, tunapanda viazi kama mama alivyotufundisha: jembe la mkono, samadi, na mbegu yetu wenyewe.

Tazameni kiazi hiki. Ukubwa wake ni wa yai la kuku, kimesinyaa kidogo, na machipukizi yake ni mafupi, manene, yameshika. Chipukizi refu na jeupe ni la mbegu iliyokaa gizani. Hukatika wakati wa kupanda. Sisi tunazitandaza juani? Hapana, ni kwenye chanja, kivulini penye mwanga.

Chimbeni mifereji, sentimita 75 kati ya mstari na mstari. Wekeni samadi iliyooza vizuri, ichanganyeni na udongo, kisha pangeni mbegu kila sentimita 30, machipukizi yakitazama juu. Fukieni. Msikate mbegu vipande, kisu kinasambaza ugonjwa.

Mimea ikifika shibiri moja, palilieni na kuinua tuta. Rudieni baada ya wiki mbili au tatu. Kiazi kikipigwa na jua kinageuka kijani, hakifai kuliwa.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo wengi tunapoharibu. Tunakula vikubwa, tunauza vya kati, vidogo tunaviita mbegu. Kumbe vidogo vingi vimetoka kwenye mashina yaliyougua! Kabla maua hayajatoka, ingia shambani na vijiti vya kuwekea alama mashina ya mbegu, chomeka kimoja kwenye kila shina lenye nguvu na majani yasiyojikunja wala kuwa na mabaka. Baada ya wiki mbili rudi. Lililougua, ng'oa kijiti chake.

Ukiona shina limenyauka ghafla huku majani bado ni mabichi, kata kipande cha chini, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Mnaona? Nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka taratibu. Huo ni mnyauko bakteria. Ng'oa shina na viazi vyake vyote, usivitupe kwenye mboji. Hapo panda mahindi misimu kadhaa, si viazi wala nyanya.

Majani yakikauka, yafyeke, subiri wiki mbili. Fukua kiazi kimoja, sugua kwa kidole gumba. Ganda lisipochubuka, anza kuchimba mashina yenye vijiti, na viazi vyake viwekwe kikapu cha peke yake.