Karamu ya Kuachishwa Ziwa

Mwenyekiti, wazee wetu, wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mliojibanza karibu na mlango ili mtoke mapema: nimepewa mada ya furaha za kila siku katika nyumba ya Mkristo. Walionialika wananijua, kwa hiyo hawatashangaa nikianzia Mwanzo sura ya 21, mstari wa 8. Naona kuna mtu hapa mbele ameshaanza kucheka. Cheka tu. Nitaurudia mstari huu mpaka usikike.

Habari ya Abrahamu mnaijua, sitaisimulia. Ana miaka 100, mtoto ameahidiwa, amengojwa mpaka watu wakachoka wakatafuta njia ya mkato. Hatimaye Isaka anazaliwa. Mimi na wewe tungefanya sherehe siku hiyo hiyo. Lakini soma vizuri: mtoto anapewa jina, siku ya nane anatahiriwa kama Mungu alivyoagiza, Sara anasema Mungu amemfanyia kicheko, basi. Karamu haitajwi. Karamu, tena imeandikwa ilikuwa kubwa, inakuja siku mtoto alipoachishwa ziwa.

Kwa nini siku ile? Watoto wa zama zile walinyonya muda mrefu. Katika kitabu cha pili cha Wamakabayo, yule mama wa vijana saba anamwambia mwanawe wa mwisho kwamba alimnyonyesha miaka mitatu. (Ndugu zangu ambao Biblia zenu hazina kitabu hicho, waazimeni majirani zenu Wakatoliki, hawatawanyima.) Na miaka hiyo ya kunyonya ndiyo iliyokuwa miaka ya hofu, kwa sababu watoto wengi hawakuivuka. Mtoto aliyefika kuachishwa ziwa alikuwa ameshavuka mto wenye mamba. Abrahamu alilijua hilo. Mzee wa zaidi ya miaka 100, mwenye watumishi na mifugo isiyohesabika, alijua siku ambayo mwanawe aliacha kunyonya, na akaona ni siku ya kuita watu.

Akina baba, sitaki kumwaibisha mtu. Nani hapa anaijua siku mtoto wake alipoacha kunyonya? Sioni mkono. Haya, mwezi basi. Namwona mmoja, na mkewe anamtazama kwa mashaka makubwa.

Mnazijua zile Biblia kubwa za familia, zenye kurasa za kujaza kwa mkono. Kuzaliwa, kubatizwa, kufunga ndoa, kufariki. Nazipenda sana, na kama unayo ya bibi yako usiitupe. Ila hebu tazama ilivyo kati ya ubatizo na ndoa. Pale katikati kuna miaka ishirini na zaidi, na mstari wa kuandika hakuna. Ndiko mtoto alikosimama dede, ndiko alikojifunza kufunga kamba za viatu, ndiko alikosema kweli siku ambayo uongo ungemwokoa na fimbo. Ndiko alikoomba kwa maneno yake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Hilo la mwisho niacheni nilikalie kidogo. Mtoto amefuatisha sala ya mama yake neno kwa neno kwa muda mrefu. Jioni moja, kabla ya kula, anasema, "Leo mimi." Anafumba jicho moja, la pili linalinda sahani. Anashukuru kwa chakula. Anashukuru kwa kijiko. Anashukuru kwa viatu. Anamtaja mdogo wake, anafikiri, anamtaja paka. Dada yake amekaza midomo asicheke. Chakula kinapoa. Kisha anakwama, anafungua jicho na kunong'ona, "Namalizaje?" Baba anamwambia sema amina, anasema amina, na watu wanavamia sahani kana kwamba hakuna kilichotokea!

Kimetokea. Roho hiyo ndogo imesimama yenyewe mbele za Mungu, bila kushikwa mkono. Kama Abrahamu angekuwa kwenye meza ile, angetuma mtu akachague ndama. Sisi tunasubiri kipaimara, tukodi ukumbi na mpiga picha, tushone sare, halafu mtoto mwenyewe akae kwenye kiti kikubwa akisinzia.

Sasa kuna mtu anasema moyoni: hizo ni sherehe za kidunia, na katika Biblia wanaosherehekea siku ya kuzaliwa ni Farao na Herode tu, na kote kuwili mtu alikufa. Nimeisikia hoja hii mara nyingi kiasi kwamba nikiiona inakuja kwa mbali naivulia kofia. Ni kweli: siku ya Farao mwokaji alitundikwa, na siku ya Herode Yohana Mbatizaji alikatwa kichwa. Lakini soma na Luka 1:14. Malaika anamwambia Zakaria kwamba watu wengi watafurahia kuzaliwa kwa mwanawe. Mwana gani? Yohana huyo huyo! Yaani mtu aliyeuawa kwenye karamu ya Herode ndiye ambaye furaha ya kuzaliwa kwake ilitangazwa kutoka mbinguni. Na Kanisa halikuona haya kuiadhimisha siku hiyo, tarehe 24 Juni, mpaka leo. Ubaya wa Herode ulikuwa kiapo cha kiburi na moyo wa kuwaogopa wageni wake. Tarehe haina kosa.

Yuko mwingine, huyu ni msomaji zaidi, naye ataniambia: karamu hiyo unayoisifu ndiyo iliyovunja nyumba ya Abrahamu. Asante, umesoma mstari wa 9. Sara alimwona Ishmaeli, mwana ambaye mjakazi wake Hajiri alimzalia Abrahamu, akidhihaki, na haukupita muda Hajiri na mwanawe walikuwa njiani kwenda jangwani na mkate na kiriba cha maji. Watu wengi huliruka hili haraka, kwa sababu linauma. Mimi naomba tusimame hapo.

Fanyeni hesabu. Ishmaeli alizaliwa Abrahamu akiwa na miaka 86. Siku ya karamu ni kijana, amepita miaka 14. Mpaka Isaka alipozaliwa, alikuwa mtoto pekee wa mzee. Sasa anatazama nyama ikichomwa na wageni wakimiminika kwa ajili ya mtoto ambaye hajui hata wamekuja kufanya nini. Karamu ya Ishmaeli haijaandikwa popote. Simtetei katika dhihaka yake, ila ningependa kujua alikalishwa wapi siku ile. Halafu nenda Luka 15, kwenye mfano wa mwana mpotevu, umsikilize yule kaka mkubwa akiwa nje ya mlango: mimi hujanipa hata mwana-mbuzi nikafurahi na rafiki zangu. Ni malalamiko yale yale, miaka na miaka baadaye, na yapo nyumbani kwako usiku huu. Mnampigia makofi mmoja kwa kufaulu mtihani, na kuna mwingine anaosha vyombo kwa kelele isiyo ya kawaida.

Tufute furaha, basi? Hapana! Yule baba wa Luka 15 hakuzima muziki ili mkubwa anyamaze. Alitoka nje kumsihi. Na Ayubu, kabla ya misiba yake, wanawe walifanya karamu kila mmoja kwa siku yake, na dada zao watatu wakiitwa waje kula pamoja nao. Kila mmoja kwa siku yake, hilo ndilo naliomba. Mtoto asiye na cheti naye ana siku: ameacha kukojoa kitandani, amemwomba dada yake msamaha bila kusukumwa. Na siku ya mwenzake, yeye ndiye apewe kazi ya kuombea chakula, asibaki mtazamaji. Ayubu mwenyewe aliamka alfajiri kuwatolea sadaka wote kwa hesabu yao. Hakuwakataza kufurahi. Wazazi wanaokataza kila kitu kwa jina la utakatifu wamwangalie huyo mzee.

Naona mwenyekiti ameanza kuitazama saa. Nilikuwa na mambo sita, nipo kwenye la kwanza. Nitakimbia.

Ndoa. Kumbukumbu la Torati 24:5: mtu aliyeoa karibuni asiende vitani wala asipewe kazi yoyote ya watu, awe huru nyumbani mwaka mmoja amfurahishe mkewe. Ni sheria hiyo, iko kwenye orodha moja na rehani na mishahara ya vibarua. Makanisa yetu huwachukua maharusi juma la pili na kuwaweka kwenye kamati tatu. Viongozi mliopo, mmesikia.

Akina baba na nepi. Mwaka 1522 Martin Luther, yule Mjerumani wa mageuzi ya Kanisa, aliandika kwamba baba anapofua nepi za mtoto wake kwa imani, watu wanaweza kumcheka, lakini Mungu na malaika wake wote wanatabasamu. Aliandika hayo akiwa bado hajaoa. Alioa mwaka 1525, na yeye na mkewe Katharina wakapata watoto sita. Mwaka 1530, akiwa mbali na nyumbani katika siku ngumu za mageuzi, alimwandikia mwanawe Hans wa miaka minne barua ya habari za bustani nzuri yenye farasi wadogo wenye hatamu za dhahabu. Na wewe unaniambia kazi zimekubana.

Wenye watoto wengi wanaosema hawana muda na kila mmoja: Susanna Wesley, mama yake John Wesley aliyeanzisha Umethodisti, alizaa watoto 19, wengi wakafa wadogo, na waliobaki aliwapangia jioni zao, karibu kila mtoto na jioni yake ya kuzungumza na mama peke yake. Alhamisi ilikuwa ya John.

Wajane, na ndugu ambao hamna watoto, nilikuwa nimewaandalia sehemu nzima. Sasa imebaki kipande. Yule mwanamke aliyepotewa na sarafu, Biblia haitaji mume wake wala mtoto. Alipoiona aliita rafiki na majirani wafurahi naye, na msinishangae nikisema huenda kuwakirimu kulimgharimu zaidi ya sarafu. Umepona ugonjwa? Umemaliza deni? Mwaka wako wa kwanza bila mwenzio umeisha na bado umesimama? Ita watu. Usikae ukingoja kualikwa kwenye furaha za wenye watoto.

Ya vijana kuhama nyumbani siyagusi leo, hayafai kufanywa mbio. Maswali. Mama pale dirishani umeinua mkono tangu nilipomtaja Herode, na uso wako unaniambia hukubaliani nami. Karibu, simama tukusikie.