Jinsi ya kupanga kionjo cha filamu ya majambazi ukiwa mwanafunzi

Habari zenu wadau, karibuni. Leo tunapanga kionjo, wengine mnakiita tiza, cha filamu ya majambazi. Chukua daftari, penseli na simu. Kama mko kikundi, kaeni karibu na mmoja awe mwandishi, maana kila mtu akiandika kwake mtafika lokesheni na filamu tano tofauti.

Kwanza tuelewane urefu. Trela kamili hufika dakika mbili na nusu na hukupa karibu hadithi nzima. Kionjo hutoka mapema zaidi, mara nyingi filamu yenyewe bado inapigwa, na dakika moja inakitosha. Sisi tutalenga sekunde 50.

Hatua ya kwanza ni sentensi moja: nani, anataka nini, nini kinamkwamisha. Mfano nitakaoutumia ni huu hapa kwenye skrini. Kijana anayekusanya pesa ya ulinzi, yaani ile ambayo majambazi huwatoza wenye maduka ili wasiwadhuru, kwenye maduka ya Kariakoo anatumwa na bosi wake kukusanya dukani kwa mjomba wake mwenyewe. Tuiite Bahasha ya Ijumaa. Chini ya sentensi hiyo andika swali moja ambalo mtazamaji atabaki nalo. Letu: atamdai mjomba au hatamdai? Basi. Shoti yoyote, yaani kipande kimoja cha picha kisichokatwa, isiyolisogeza swali hilo inatoka, hata iwe nzuri vipi. Gari linalokata kona usiku na taa zinawaka? Zuri sana. Litoe.

Hatua ya pili ndiyo wengi wanapoharibu. Jiulize hofu yako inatoka wapi. Mwanafunzi akisikia majambazi anakimbilia bastola, miwani myeusi usiku, na koti refu la ngozi. Koti la ngozi, Dar es Salaam, mwezi wa pili! Mtazamaji atamhurumia mwigizaji badala ya kumwogopa.

Tafuta filamu fupi ya mwongozaji wa Marekani D. W. Griffith ya mwaka 1912, The Musketeers of Pig Alley, moja kati ya filamu za mwanzo kabisa za magenge huko Marekani. Haina sauti. Kuna shoti ambapo jambazi ananyata kandokando ya ukuta akija upande wa kamera, polepole, mpaka uso wake unajaa kwenye fremu. Kamera imetulia palepale, hakuna risasi inayopigwa, lakini unajikuta unataka kurudi nyuma. Isimamishe, irudie, halafu panga shoti moja ya namna hiyo kwenye kionjo chako. Haina gharama. Inataka ukuta, uso wenye kujua unachotaka, na subira.

Kwetu sisi hofu itakaa dukani. Ni jioni, mwenye duka anakunja vitenge. Kijana anaingia, hasalimii. Mzee hamtazami usoni. Anainua kalkuleta, na chini yake bahasha ya kaki iko tayari, kona moja imekunjika. Anaisukuma kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa meza, kisha anarudi kukunja kitenge kilekile alichokwisha kukikunja. Kinachotisha hapo ni kwamba bahasha ilikuwa inasubiri. Tumeshajua jambo hili limefanyika Ijumaa nyingi, na hakuna aliyefungua mdomo.

Hatua ya tatu, gawa sekunde zako kwenye karatasi. Chora safu nne: sekunde, picha, sauti, maandishi. Jina la filamu litakula sekunde 4, neno "Inakuja" sekunde 2, na kabla ya jina tuachie giza tupu la sekunde 2. Zimebaki 42. Tukio la bahasha tulipe 14, kwa shoti tatu tu, bila haraka. Zilizobaki 28 zibebe shoti kama 16, za kwanza zikikaa sekunde tatu tatu, za mwisho zikishuka mpaka sekunde moja au pungufu. Mtazamaji aanze kwa kutulia, amalize akiwa anashika pumzi.

Safu ya sauti ijaze kabla ya safu ya picha. Ndiyo, kabla. Kionjo cha mwanafunzi hufa kwenye sauti mara nyingi kuliko kwenye picha. Nenda karekodi mlango wa chuma wa duka ukishushwa, kufuli likibanwa, noti zikihesabiwa karibu na maiki, bodaboda ikisimama nje bila kuzima injini. Mlango ule wa chuma unaweza kuwa ngoma yako: unashuka mara moja mwanzoni, mara mbili katikati, na mwishoni unashuka halafu kimya, giza, jina. Muziki usiuchukue kwenye wimbo wa msanii mkubwa ukidhani hatajua. Ukipandisha YouTube mfumo wao unautambua wenyewe, na kionjo chako kinaweza kuzuiwa siku hiyohiyo. Mtafute mwenzako mwenye kinanda au kompyuta akupigie noti mbili nzito, na aandike kwa maandishi kwamba amekuruhusu.

Maandishi yawe machache na makubwa. Watu wengi wataangalia kwenye simu, ndani ya daladala.

Hatua ya nne, ruhusa. Hapa naomba msinichukulie poa. Hapa Tanzania upigaji filamu uko chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na msimamizi wake ni Bodi ya Filamu. Anzeni na barua ya utambulisho kutoka chuoni, muulizeni mwalimu kibali gani kinawahusu, kisha mpitie ofisi ya serikali ya mtaa mnaopigia. Mwenye duka naye atoe idhini yake. Bastola ya bandia usiitoe barabarani hata kwa mzaha, maana anayeiona kwa mbali, awe polisi au raia, hana namna ya kujua ni plastiki. Kama hadithi inadai silaha, mpige picha mwigizaji akiwa na mkono ndani ya koti, mtazamaji atamalizia mwenyewe.

Hatua ya tano, mwanga. Machweo yetu ni mafupi. Jua likizama mnapata kama dakika 20 za anga la bluu, halafu giza. Kwa hiyo shoti ya nje ya jioni ifanyiwe mazoezi kuanzia saa kumi na moja, na saa kumi na mbili kila mtu awe mahali pake. Ndani ya duka kuna taa za tyubu, na umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo weka simu kwenye fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Usipofanya hivyo picha inaweza kupepesa, na kuisafisha baadaye ni kazi ngumu. Funga pia mwanga na fokasi, simu isijibadilishe yenyewe katikati ya shoti. Taa upande mmoja wa uso zimeni kabisa. Nusu ya uso gizani inawatosha watu wa kazi hii.

Hatua ya sita ndiyo inaokoa siku nzima. Chora kila shoti kwenye kiboksi, hata kwa watu wa vijiti, zipige picha kwa simu, ziweke kwenye CapCut, programu ya kuhariri video, kwa urefu uleule wa karatasi yako, na utie sauti ulizorekodi. Una kionjo cha michoro. Waoneshe watu watatu wasiojua hadithi na waulize kitu kimoja tu: unataka kujua nini? Wakitaja mjomba, endelea. Wakikuuliza "kwani huyu ni nani?", rudi kwenye shoti za mwanzo urekebishe huko, penseli bado ni rahisi kuliko nauli ya watu wanane.

Ratiba ya kupiga ipangeni kwa lokesheni, msifuate mpangilio wa hadithi. Mambo yote ya dukani yapigwe kwa mkupuo, na chakula kiwepo kabla watu hawajaanza kununa. Anzeni na shoti za nyuso, mwigizaji akiwa bado ana nguvu. Bahasha, noti na kufuli zinaweza kusubiri hata kesho yake, na mkono unaoonekana unaweza kuwa wa mtu yeyote aliyevaa shati lilelile.